Lile "Tu" la Sipi

Leo ni Jumatano, siku ya nne tangu turudi kutoka kwenye maporomoko ya maji ya Sipi, na bado sijaweza kuamua kama Mama Junior alisema "tu" au hakusema. Najua kwamba katika juma ambalo mkuu wetu wa shule amehamishwa na mdogo wangu amejifungua mapacha na kuwa Nnalongo, mtu mwenye akili timamu angekuwa na mambo mengine ya kuandika. Hata hivyo, kila nikikaa kusahihisha madaftari nasikia maji yakinguruma, na lile neno, kama kweli lilikuwapo, likichomoza kutoka ndani yake.

Mama Junior mnamjua. Ndiye mwalimu wa Jiografia niliyemtaja katika ule mkasa wa sufuria za harusi, ndiye aliyekesha nami hospitalini Baba Watoto alipovunjika mguu, na ndiye ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akila nusu ya chakula changu cha mchana huku akilalamika kwamba kina chumvi nyingi. Safari hii tuliipanga na kuiahirisha mara nyingi hata tukaanza kuifanyia mzaha, kwa maana kila tulipoweka tarehe palitokea msiba, mtihani au mvua. Naona aibu kukiri kwamba watu hutoka Ulaya kuja kuyaona maporomoko hayo, na sisi tunaokaa Mbale, mwendo wa saa moja na ushee kwa teksi, tulikuwa tukiyajua kwa picha za kalenda.

Jumamosi, basi, tuliondoka asubuhi na mapema, tukaiacha Wanale nyuma yetu, tukapita Sironko, na barabara ilipoanza kupanda ule ukuta wa Elgon masikio yakaziba na mazungumzo yakapungua. Nilipokea simu moja fupi njiani. Tulipoteremka, hewa ilikuwa baridi kama ya chumba cha maiti (samahani, ndivyo Mama Junior alivyosema, na abiria wenzetu hawakucheka), na kabla hatujafunga vizuri kamba za viatu kijana mmoja akatujia, akatusalimu kwa adabu, kisha akajitambulisha kuwa yeye ndiye "gaidi" wetu. Nilimweleza kwamba katika Kiswahili gaidi ni mtu wa kukimbiwa, na kwamba anayewatembeza wageni ni kiongozi au mwongozaji. Akanisikiliza kwa makini sana, akashukuru, na dakika tano baadaye nikamsikia akimwambia mwenzake kwa simu kwamba leo yeye ni gaidi wa walimu wawili.

Kiswahili chake, lakini, kilikuwa cha kupendeza. Wasabiny, wenyeji wa Sipi, wanakitumia bila haya, kwa kuwa wamepakana na Kenya na biashara yao imevuka mpaka tangu zamani, tofauti na huko chini ambako hadi leo ukimsalimu mtu kwa Kiswahili anaweza kukutazama kama askari wa kizuizi cha barabarani. Mimi niliyezaliwa katika kambi ya jeshi Jinja, ambaye Kiswahili nilikinyonya kabla ya lugha ya baba yangu, nilijisikia niko nyumbani, nikawaacha wao wawili wazungumze. Ndivyo nilivyotaka hasa. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, Mama Junior amekuwa mwanafunzi wangu wa saa za chakula. Nilimnunulia daftari, nikamwandikia sentensi za kujizoeza, naye huniletea kila Jumatatu nisahihishe. Nilitaka nimwone akiogelea bila kushikwa mkono.

Tulianzia juu, kwenye poromoko la Ngasire, kisha tukashuka kwa kufuata Mto Sipi, ambao kijana alituambia umepata jina lake kutokana na "sep", mmea unaofanana na mgomba unaoota kingoni mwake. Mama Junior alifurahi kupindukia. Kila tuliposimama kupumua alimfundisha kijana wa watu jinsi mlima huu ulivyokuwa volkano, jinsi tabaka gumu linavyobaki juu na lile laini likaliwa na maji chini yake, mpaka mto unabaki hauna ngazi ya kuteremkia ila kujirusha. Alitumia mikono pale maneno yalipomwishia. Mimi nilitembea nyuma yao nikisahihisha ngeli kimoyomoyo, na nathubutu kusema kwamba kwa saa hiyo moja sikuwa na deni na mtu yeyote duniani.

Poromoko la pili wanaliita Simba, na lina pango nyuma yake ambamo mtu anaweza kusimama na kuyatazama maji yakipita mbele ya uso wake kama pazia. Humo ndimo lilimotokea. Nilikuwa nimetangulia hatua chache, mgongo wangu umewaelekea, nikihangaika kuifunga leso yangu isilowe. Kijana akapaza sauti ili asikike, akauliza: "Mama, huyu ni ndugu yako?" Na Mama Junior, naye kwa kupaza sauti, akajibu: "Hapana, ni mwenzangu wa kazi tu."

Au alijibu: "Hapana, ni mwenzangu wa kazi, tushuke." Au "twende". Au "tungoje", maana ni kweli kwamba muda huohuo kundi la wanafunzi lilikuwa likiingia pangoni na njia ni nyembamba. Nilisikia "tu" kwa sikio langu la kushoto, na baada yake maji yakameza kila kitu. Kama sentensi iliishia pale, basi mimi ni mtu anayefanya naye kazi, nukta. Kama iliendelea, basi alikuwa anatafuta pa kuweka mguu, na hakuna lililosemwa la kuniuma.

Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Hata nikiondoa "tu", panabaki "wa kazi". "Mwenzangu" peke yake ningelipokea kwa mikono miwili. Mama yangu, baba alipopelekwa kaskazini na miezi ikapita bila barua, hakusema "mume wangu", alisema "mwenzangu yuko kimya", na sisi watoto tulijua kwamba usiku huo hatupaswi kupiga kelele. Lakini ukilibandika "wa kazi" unakuwa umetia maji kwenye maziwa. Kisha najiuliza: neno "rafiki" lilikwenda wapi? Ndilo neno la kwanza analojifunza kila mgeni, hata watoto wa njiani pale Sipi walikuwa wakitupigia kelele "rafiki! rafiki!" wakiomba peremende. Haiwezekani mwanafunzi wa miaka hiyo yote awe hajalifikia. Halafu jana usiku, nikiwa nimelala macho wazi, nikakumbuka jambo ambalo nusura linifanye nicheke: "Huyu ni mwenzangu wa kazi" ni sentensi yangu mimi. Iko katika ukurasa wa pili wa daftari lake, kwa mwandiko wangu, chini ya kichwa "Kumtambulisha mtu". Ya rafiki niliiandika ukurasa wa tatu.

Poromoko la tatu ndilo kubwa, lile la kwenye kalenda, karibu mita 100 za maji yanayoanguka bila kugusa chochote, na nawaomba radhi kwamba sina mengi ya kulisimulia. Palikuwa na upinde wa mvua, nakumbuka, na manyunyu yaliyotulowesha tukiwa bado mbali. Tulikutana na vijana watatu waliokuwa wakipanda kwa kukimbia kwenye mteremko ambao sisi tuliushuka kwa makalio, na kiongozi wetu akatukumbusha kwa majivuno kwamba nchi hii ya Sebei ndiyo iliyomzaa Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei aliyetwaa dhahabu ya mita 10,000 kule Paris mwaka 2024. Mama Junior alishangilia kana kwamba mbio zinakimbiwa mbele yake. Mimi nilisema "vizuri". Kwenye ngazi alinipa mkono nishuke, nikajifanya sikuuona, nikashika kamba.

Tulimalizia nyumbani kwa mama mmoja anayewapikia wageni kahawa. Huko hupewi kikombe hivihivi. Kwanza unatwanga mwenyewe kwenye kinu ili ganda litoke, unapepeta, ndipo anapokaanga juu ya moto wa kuni akikoroga bila kupumzika, kisha unatwanga mara ya pili mpaka ipatikane unga. Tulipewa mchi kila mmoja, tukawa tunapishana kinuni, na mnajua kwamba watu wawili hawawezi kupishana michi huku wamenuniana, maana lazima kila mmoja ausikilize mkono wa mwenzake au wavunjane vidole. Nilianza kulegea. Ndipo simu ya yule mama ikalia, naye akaibana kwa bega, huku mkono haukuacha kukoroga, akamwambia wa upande wa pili kwa Kiswahili ampigie baadaye: "Niko na wageni tu hapa."

Wageni tu! Na kikombe cha kwanza alitupa sisi, na mto pekee uliokuwapo kwenye benchi akauweka chini ya kiuno changu. Nilikuwa karibu kutabasamu nilipokumbuka simu yangu mwenyewe.

Ile ya kwenye teksi, niliyosema ilikuwa fupi. Alikuwa mdogo wangu, aliyekuwa na siku mbili tu tangu ajifungue, akiniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Dada, uko wapi?" Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nimeacha kwenda kuwapakata mapacha ili nikatazame maji. Nikasema, na nayaandika maneno yenyewe bila kuyapamba: "Niko na mwalimu mmoja wa shuleni kwetu, tuna kazi kidogo huku juu." Mwalimu mmoja. Huyo mwalimu mmoja alikuwa amekaa paja kwa paja nami kwa sababu teksi ilikuwa imejaa, amepakata mfuko uliokuwa na chapati zangu na zake. Na nilisema kwa Kiswahili, kwa uzembe wa mtu ambaye maisha yake yote amezoea kwamba abiria wa teksi za Uganda hawafuati anachosema, nikasahau kwamba kando yangu amekaa mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe, neno kwa neno, kuanzia maamkizi.

Kwa hiyo tangu pale kwenye benchi kazi ya kichwa changu imebadilika. Siku nzima nilikuwa mlalamikaji, na ghafla nikajikuta natafuta wakili. Narudi kwenye teksi badala ya pangoni. Je, alinyamaza baada ya simu ile, au alikuwa amenyamaza tayari kwa sababu ya masikio kuziba? Aligeuka dirishani, hilo nina hakika nalo, lakini yeye hugeuka dirishani kila tunapopita mto, bonde au kichuguu. Na kama alisikia, jibu la pangoni lilikuwa la nani: la kijana aliyeuliza, au langu mimi niliyempa mgongo? Alipaza sauti kuliko ilivyohitajika. Au ni mimi ninayeiongeza sauti hiyo sasa.

Kurudi Mbale tulikaa viti tofauti, kwa kuwa ndivyo nafasi zilivyopatikana. Alilala njia nzima huku mdomo wazi.

Jumapili niliwaona mapacha, ni wazima na wana nywele nyingi. Jumatatu wakati wa chakula Mama Junior akaja kama kawaida, akavuta sahani yangu, akasema samaki wana chumvi, akaniwekea daftari mbele yangu. Nilikuwa nimekusudia kumuuliza. Nilikuwa nimeipanga hata sentensi, na nilikuwa nimeamua niiseme kwa lugha gani, nikaishia kusema kwamba chai imepoa. Daftari nimelifungua leo jioni hii, baada ya kuliogopa siku mbili. Kichwa ameandika "Safari", na chini yake, kwa ule mwandiko wake wa kuchora ramani, yako haya:

"Tulienda Sipi. Tuliona maporomoko tatu. Tulilowa. Tulitwanga kahawa. Tulichoka. Tutarudi mwezi wa Agosti."

Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyostahili zoezi la mistari sita. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka "ma" mbele ya "tatu", nikampa alama tano kati ya sita, maana kanuni ni kanuni, nikalifunga.

Ningeandika zaidi, ila mvua imeanza tena na umeme unacheza. Ule mfenesi wa nyuma ya nyumba, ambao nilidhani umetulia, umeinama kidogo zaidi tangu jana upande wa choo cha jirani, na umebeba mafenesi manne makubwa yasiyoiva upesi. Yule mkata miti aliahidi kuja Jumatatu asubuhi. Nimempigia mara tatu, na simu yake haipatikani.