Jinsi nilivyotatua tatizo la silinda ya peintiboli kwenye ndege ya Tanga

Kinachokwamisha mzigo wa peintiboli, mchezo wa kufyatuliana risasi za rangi, ni silinda ya hewa, kuliko hata bunduki yenyewe. Geji kusoma sifuri hakumtoshi mkaguzi wa uwanja wa ndege: geji huharibika, na silinda ya shinikizo la psi 3,000 iliyofungwa haionyeshi kilichomo. Kilichofaa ni kufungua regileta yote, yaani vali ya shingoni inayodhibiti hewa, mkaguzi amulike tochi aone ndani.

Kwanza toa hewa polepole mpaka mlio uishe kabisa. Kisha mpelekee fundi wa mitungi ya wazamiaji. Usikamate koleo nyumbani. Hewa kidogo iliyobaki inatosha kuirusha regileta usoni. Shingo izibe kwa kitambaa safi tu, upepo wa chumvi usiingie. Regileta na mpira wake wa duara vikae kwenye kifuko chao.

Wakati wa kurudishia, mpira upakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya nazi hayakosekani nyumba za Tanga, lakini hapa ni hatari kweli: hewa yenye shinikizo kubwa ikiingia ghafla hupata joto, na mafuta yanaweza kuwaka.

Bunduki iende kwenye begi la kupakiwa, mtutu umetolewa. Vikopo vya gesi vya gramu 12 viache nyumbani. Risasi za rangi zina ganda la jelatini. Zikipata unyevu huvimba na kukwama mtutuni, kwa hiyo zifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Pigia shirika la ndege mapema, ueleze kabisa kwamba silinda iko wazi. Likikataa, itume kwa basi.