Kumbukumbu ya Mradi: Mafaili ya Ukoo Yahamia kwenye Laptopu ya Zamani

Jumamosi. Kazi niliyojipa ni kuhamisha picha, rekodi za sauti na nyaraka za ukoo wetu, zote zikikaribia gigabaiti 46, kutoka kompyuta yangu ya mezani iliyopo hapa Isevya, Tabora, kwenda kwenye laptopu ya zamani itakayopelekwa Sikonge kwa baba mdogo. Baba mdogo ana mizinga ya nyuki msituni na nyumba yake inatumia sola. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ingemmalizia betri kabla ya taarifa ya habari, ilhali laptopu hii, licha ya uzee wake, inakula umeme kidogo. Ina mfumo wa Windows XP, RAM ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 80. Wapo walionishauri niiwekee Linux nyepesi, mfumo mwingine badala ya Windows, na ushauri huo hauna ubaya, lakini mzee ameizoea XP tangu enzi za ukarani wake katika chama cha msingi, nami sioni sababu ya kumfundisha upya mtu anayetaka kutazama picha na kusikiliza sauti ya marehemu bibi. Kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, nimeamua kwamba laptopu hii haitagusa intaneti kabisa, na uamuzi huo ndio ulioongoza mengine yote.

Wengi wangeanza na flashi. Mimi niliiweka kando, kwa sababu flashi za nyumba hii huzunguka stationari za mjini kwa ajili ya kuchapa, na kila anayeishi huku anavijua vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato (shortcut) mahali pake. Mashine isiyo na kinga ya kisasa haistahili mgeni wa aina hiyo. Aidha, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, na video ya arusi ya dada imepita hapo. Ukiifomati kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, XP haiitambui mpaka uiongezee sasisho lililotolewa mwaka 2009. Na hata hayo yote yakikubali, bado unanakili kila kitu mara mbili.

Jumapili. Nimetumia kebo ya kawaida ya mtandao, yenye vichwa vya RJ45, nikaichomeka moja kwa moja kati ya mashine mbili bila ruta. Zamani kazi hii ilihitaji kebo maalumu ambayo jozi za nyaya za kutuma na kupokea zimepishanishwa kichwa kimoja, lakini tundu la mtandao la kompyuta ya mezani ni la kasi ya gigabiti, na matundu ya namna hiyo kwa kawaida hujipanga yenyewe. Kompyuta ya mezani niliipa anwani 192.168.10.1, laptopu nikaipa 192.168.10.2, zote zikiwa na kinyago cha mtandao (subnet mask) cha 255.255.255.0. Ukiziacha bila kuzipa anwani, kila moja hujitafutia yake inayoanza na 169.254, na mawasiliano yanaweza kupatikana, ila utakuwa unaikisia anwani kila unapowasha.

Hapo ndipo penye uzito wa mradi huu. Kushiriki folda kwa njia ya Windows hakukuwezekana, kwa kuwa XP inajua toleo la kwanza tu la SMB, lugha ambayo Windows hutumia kushiriki mafaili, toleo ambalo Windows 10 iliacha kulisakinisha kwa kawaida kuanzia toleo la Oktoba 2017. Linaweza kurudishwa kwa kubofya visanduku viwili vitatu, na maelekezo ya kufanya hivyo yamejaa mtandaoni, lakini sikuyafuata. Virusi vya WannaCry, vilivyofunga kompyuta za hospitali na ofisi duniani mwezi Mei 2017, vilipitia udhaifu wa SMB hiyohiyo. Kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa mwezi Machi mwaka huo, ni kweli, ila kompyuta yangu ya mezani huingia intaneti kila siku, na mlango ukishafunguliwa kwa kazi ya jioni moja husahaulika wazi kwa miaka. Nikaweka seva ndogo ya FTP, yaani programu ya kugawa mafaili kwa mashine nyingine, kwenye kompyuta ya mezani, yenye akaunti ya kusoma tu, na ukuta wa moto (firewall) ukaruhusu anwani ya laptopu peke yake. FTP hiyo haisimbi chochote, yaani data hupita wazi bila kufichwa, jambo ambalo nisingelikubali kwenye mtandao wa ofisi. Kwenye kebo ya mita mbili iliyo juu ya meza yangu, hakuna wa kudukua isipokuwa paka.

Upande wa laptopu haukuhitaji programu mpya. Unaandika anwani ya FTP katika dirisha la kawaida la mafolda, unaweka jina na nenosiri, na mafaili yanatokea.

Jumatatu jioni. Jaribio la folda moja la picha limeonyesha mambo mawili. Kwanza, mafaili madogo mengi yanakwenda kwa kuchechemea, kwa kuwa FTP hufungua muunganisho mpya kwa kila faili. Pili, picha zilizofika zilibeba tarehe ya kunakiliwa, tena tarehe ya uongo: betri ndogo ya saa ya laptopu, ile ya CR2032, imekufa, hivyo kila ikizimwa inarudi Januari 2004. Bibi aliyepigwa picha mwaka 2016 akawa amepigwa miaka 12 kabla. Kwa mkusanyiko unaopangwa kwa miaka, hilo si dogo.

Dawa ya yote mawili ilikuwa moja. Betri nimebadilisha, kisha mafolda nimeyafunga kwa programu ya 7-Zip katika vifurushi vya zip visivyozidi gigabaiti 2, kila mwaka na vyake, kwa sababu zip huhifadhi tarehe ya faili ndani yake. Nimechagua kufunga bila kubana, maana picha za JPEG zimeshabanwa na kuzibana tena ni kuchosha prosesa bure. Ukubwa huo mdogo una faida nyingine ambayo mkazi wa mji wetu ataielewa bila kuelezwa: umeme ukikatika, kinachopotea ni kifurushi kimoja.

Kasi imetulia kwenye megabaiti 10 hivi kwa sekunde, karibu na ukomo wa kadi ya megabiti 100 iliyomo kwenye laptopu, ambayo kwa hesabu ya karatasi haiwezi kuzidi 12.5. Kwa kasi hiyo, gigabaiti 46 ni kama saa moja na robo.

Jumatano. Kabla ya kufungua vifurushi nimevipitisha vyote kwenye amri ya kujaribu ya 7-Zip, papo hapo kwenye laptopu, ili ilinganishe kila faili na hesabu ya CRC, namba ya kuhakiki kwamba faili halijaharibika, iliyoandikwa wakati wa kufunga. Kimoja cha mwaka 2019 kimegoma, nikakinakili upya, kikapita. Nakala asili zinabaki kwenye kompyuta ya mezani.

Nilimpigia baba mdogo kumweleza hatua zilizofikiwa. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nataka arusi ya dada yako, hayo mengine endelea nayo wewe."

Arusi yenyewe ndiyo iliyobaki. Video za simu zimerekodiwa kwa HEVC, namna ya kisasa ya kubana video, mzigo ambao prosesa ya laptopu haiwezi kuubeba. Picha inaganda huku sauti ikisonga mbele. VLC, programu ya kuchezea video, ya toleo la 3 bado inakubali XP yenye Service Pack 3 (kifurushi cha tatu cha masasisho), kwa hiyo ninazigeuza video kuwa H.264, namna ya zamani iliyo nyepesi zaidi, zenye kimo cha pikseli 480, kazi inayofanywa na kompyuta ya mezani usiku. Laptopu itapanda basi la Sikonge baada ya kila video kuchezwa mwanzo hadi mwisho kwenye laptopu yenyewe, ikitumia betri.