Waridi la Mamaw

Usingizi umekataa tangu Jumanne, kwa hiyo acha niandike.

Mamaw mnamfahamu, yule bibi ninayemhudumia nyumbani kwake huku milimani, mashariki mwa Kentucky, Marekani. Kabla ya theluji alichomeka kijiti cha waridi kwenye udongo kando ya ngazi, akakifunika kwa chupa ya kioo, zile wanazowekea maharage na matango ya kachumbari, akanikataza kuigusa mpaka aseme mwenyewe. Baridi yote chupa ilikaa palepale, ndani imejaa mvuke. Jumanne akaniambia niifunue. Kijiti kimetoa majani machanga, mekundu pembeni, laini kabisa. Waridi hilo alilikata kwa mama yake, na mama yake alilikata kwa bibi yake.

"Lichimbue," akasema. "Lako hilo."

Nikapiga magoti palepale. "Asante sana, Mamaw."

Akageuza uso. "Usinishukuru."

Nikajua hakunisikia vizuri, nikarudia. Akapunga mkono kama anayefukuza kuku. "Nimesema usinishukuru! Chukua, nenda."

Nikachukua, nikaenda. Njia nzima nauona mkono ule. Jamani, mimi nimelelewa Lushoto. Mtoto akipokea hata kipande cha muhogo bila kusema asante, kinarudi kwa mwenyewe. Nikawaza ni kwa sababu nalipwa, labda anaona mtumishi hana haki ya kushukuru kama ndugu. Nikawaza ni matamshi yangu. Nikawaza amejuta kunipa, ana wajukuu wa kike watatu. Wiki hiyohiyo Neema amehitimu sekondari na Baba Neema amehamishiwa zamu ya usiku, na hata jina la mwanangu liliposomwa ukumbini, nikasimama nikapiga vigelegele, mkono ule ulikuwa bado mbele ya macho yangu.

Alhamisi akaja mkwe wake, mke wa mwanawe wa pili, kuleta mayai. Uso wangu haujui kuficha, akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Hakukuambia? Mche haushukuriwi huku. Ukiushukuru, unakufa."

Kumbe! Mamaw alikuwa analilinda waridi lisidhurike na mdomo wangu. Kuna kitu kilifunguka kifuani, nikaanza kucheka na machozi juu.

Na kwa nini nilishangaa, mimi ninayeiona kila siku ile kalenda jikoni kwake, ya kampuni ya mazishi, yenye alama za nyota kila tarehe? Maharage hapandi mpaka mwezi uingie kwenye Mapacha, nyota inayotawala mikono. Viazi vinangoja mwezi upungue, maana vinakua gizani. Hata baridi hii iliyoturudia Mei ina jina lake, baridi ya beri nyeusi, kwa kuwa huja beri za porini zikichanua, na miche ya nyanya haitoki nje kabla haijapita. Kwetu nako kuna mwiko: ukienda dukani usiku kutaka sindano, muuzaji anaweza kukuambia hana, na sindano unaziona zimening'inia nyuma yake. Unarudi nyumbani bila kinyongo. Hakuna anayesema amekuchukia.

Nikamuuliza mkwe, sasa shukrani naitoaje? Akafikiri kidogo. "Likichanua, mwambie limechanua."

Ijumaa nimelipanda upande wa jua, nikamwagilia, mdomo nimefunga. Jumapili ya mwisho ya mwezi nitampeleka Mamaw kilimani siku yao ya kupamba makaburi. Ukoo wote hupanda na reki na maua, wanafyeka majani, halafu chakula kinatandazwa palepale kando ya makaburi na watu wanakula pamoja. Ameniambia nitamwona mama yake. Alivyosema hivyo, "utamwona", nikatamani kumjibu neno, nikanyamaza. Naanza kujifunza.

Sasa kaka ameandika usiku huu kwamba jicho la kushoto la mama limezidi kufifia. Jana alikuwa anachagua mchele na mawe yote akayaacha. Daktari wa macho anataka aende Moshi. Nauli ipo, ila mama hataki kusindikizwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, na likizo yangu haifiki mpaka Septemba.