Corolla yangu ilivyokuwa inakata pumzi mlima wa Marangu

Ilianza kama utani. Natoka Moshi mjini naenda kwa mama Marangu, Kiboriloni napita freshi, Uchira freshi, mpaka Himo gari inakimbia utadhani imetoka bandarini jana. Nikishakata kona pale Himo kuanza kupanda, dakika kumi tu, inaanza kuishiwa. Nakanyaga mafuta haiendi, nakanyaga zaidi ndo inazidi kuzama, nikiachia kidogo inafufuka inavuta mita mia mbili alafu inalala tena. Nikipaki pembeni nikakaa dakika kumi, inaondoka kama hakuna kilichotokea.

Gari yenyewe ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A, cc 1500. Siku iliyoniuma zaidi nilikuwa nimempakia mama tunatoka mjini, nyuma kuna maharage kiroba na mafuta ya taa, tumesimama mara tatu kabla ya kufika Marangu Mtoni huku Noah za abiria zinatupita zimejaa mpaka basi. Mama kanyamaza weee, mwisho akasema, "Mwanangu, nikipanda Noah si ningekuwa nimeshapika?" Sikuwa na jibu.

Fundi wa kwanza hata boneti hajafungua kasema plagi. Nikanunua nne, akaweka, akapiga resi pale gereji ikalia vizuri, nikalipa. Wikendi ile ile Himo ikalala. Nikaambiwa basi tuipime na mashine, kwa hii 110 hata mashine huhitaji, kuna kile kiboksi cha plastiki ndani ya boneti unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kawaya, unawasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini inapepesa namba za kosa. Yangu ikapepesa mfululizo bila kupumzika, yani hakuna kosa. Jamaa kanambia gari yako nzima, we ndo hujui kuendesha mlimani. Aisee. Baadae sana ndo nikaja kuelewa kwamba gari za umri ule kompyuta haina sensa inayopima presha ya petroli, so presha ikishuka yenyewe inaweza isiwe na habari, taa kutokuwaka hakukuhakikishii kitu.

Zikaja nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, zikafunguliwa zikasafishwa. Ikaja filta ya petroli ile ya chuma. Mwisho pampu, nikatafutiwa ya mtumba elfu sabini, mimi nikiwa kazini fundi akafunga, akapima presha ikasoma vizuri, akanitumia na picha ya geji. Jumamosi nikapanda. Ikalala pale pale karibu na ule mparachichi ambao sasa nilikuwa naujua kama ndugu yangu.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Majengo, gereji yake ni chini ya mti tu, hana hata bango. Nikamwambia shikamoo mzee, gari inamisi mlimani. Hakuinuka. Akaniuliza, "Inamisi au inasinzia?" Nikamwambia sijui tofauti. Akasema moto ukikatika, yani plagi, waya zake, distribyuta, gari inaruka, inakupiga mgongoni, tak tak tak. Petroli ikipungua haikupigi, inalegea taratibu kama mtu anasinzia ibadani. Yako inafanyaje? Nikasema inasinzia. Na ukisimama inaamka? Inaamka mzee. Akacheka, akasema basi hizo hela zako za plagi umesaidia watu wa spea.

Sasa alichofanya ndo kitu ambacho hakuna fundi mwingine alikifanya. Alifunga geji ya presha kwenye laini ya petroli akatumia mpira mrefu, akautoa nje ya boneti, geji akaifunga na vipande vya tyubu kwenye mkono wa waipa upande wa dereva ili tuisome kupitia kioo. Nikamuuliza kwa nini tusiingize ndani, akaniangalia kama mtoto, akasema geji ya petroli haiingii ndani ya gari, mpira ukichomoka tunaungua wote. Pale gereji ikiwa silensa, yani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, ilisoma 33 psi. Hiyo ni presha nzuri kwa hii injini, hata kitabu cha Toyota kinataka 30 mpaka 37 hivi ikiwa silensa. Akasema umeona, mwenzangu hakukudanganya, alipima kweli, ila kapima gari imelala kitandani. Silensa inakula petroli kidogo sana, hata pampu mgonjwa inamudu. Twende Himo.

Tukaenda. Barabara ya lami tambarare inacheza kwenye 36, 38. Tukaanza kupanda, gia ya tatu, mguu chini. Mzee akanieleza kwamba ukikanyaga mpaka chini presha inatakiwa ipande, maana ile regyuleta inayopanga presha, ya kwenye reli ya nozeli, ina kampira kanakovutwa na upepo wa manifodi, ile njia ya hewa ya kuingia kwenye injini, ukikanyaga ule mvuto unapotea na presha inafika 40 na kitu. Yetu ikafika 39, ikakaa, alafu kama dakika saba ikaanza kushuka, 34, 30, 26, na ilipogusa 22 gari ikasinzia. Nilipiga kelele. Miezi mitatu nahangaika na kumbe mshale ndo unanionyesha hivi hivi, mbele ya kioo.

Tulivyorudi tukatoa siti ya nyuma, chini yake kuna kifuniko cha skrubu, hapo ndo pampu ilipo. Kabla ya kufungua akaniambia niunganishe Fp na +B kwenye kile kile kiboksi cha mbele, swichi on, pampu ikalia injini ikiwa imezima. Akapima umeme, betri 12.4, kwenye soketi ya pampu 10.6. Karibu volti mbili zimepotelea njiani. Akafuata waya wa eathi mpaka kwenye bolti yake, imepiga kutu ya kijani na nyekundu, akakwangua na msasa akakaza, ikawa 12. Mimi nikadhani tumemaliza. Akasema bado, umeme hausinzii ukaamka baada ya dakika kumi.

Akatoa terminali ya betri, milango yote wazi, dogo mmoja aliyekuwa na sigara akafukuzwa mpaka barabarani, ndo akachomoa pampu. Ya mtumba ile niliyonunua ilikuwa ina kile kisoksi cha chini, chujio la kunyonyea, ila kisoksi chenyewe kilikuwa cha ZAMANI, kile kile cha kwangu, fundi aliyebadilisha alihamisha tu akaokoa elfu kumi. Cheusi, kigumu kama ngozi. Na chini ya tanki kulikuwa na tope la kutu, laini kama kahawa iliyosagwa. Gari iliwahi kukaa miezi mitano bila kutembea tanki likiwa robo, na kuna kipindi nilikuwa nanunua petroli ya madumu kijijini, sishangai. Pampu ikivuta kwa nguvu mlimani lile tope linakwenda kuganda kwenye chujio, ukisimama linadondoka, ndo maana ilikuwa inaamka.

Tanki lilishushwa, likaoshwa mara tatu, likaanikwa jua siku nzima. Chujio jipya, na filta ya mbele nyingine maana ile niliyoweka mwezi uliopita ikipulizwa inatoa maji ya kahawia. Tukarudi Himo na geji kwenye waipa, watu wa Uchira walishaanza kutuzoea, tukapanda mpaka Marangu Mtoni mguu chini, 42, 41, 42. Haikulala. Tulipopita pale kwenye mparachichi nilipiga honi.

Kimebaki kitu kimoja. Asubuhi sasa inataka nipige stata mara mbili ndo iwake, zamani haikuwa hivyo. Mzee anasema ni valvu ya ile pampu ya mtumba, haishikilii presha usiku. Pampu yangu ya kwanza, ile niliyoambiwa imekufa, iko stoo kwenye ndoo, tumeijaribu kwenye betri inalia vizuri tu. Jumamosi anairudisha.