Siku moja maishani mwangu: Mimi ndiye mwenye ufunguo wa bunduki za filamu

Saa kumi alfajiri. Simu inalia nikiwa nimeshaamka. Hapa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Novemba ina baridi ya kukata masikio, na mtoto wa Tanga haizoei hata akikaa miaka kumi. Kazi yangu ni kutunza silaha kwenye filamu. Nyumbani nikiitaja, watu wanadhani nachezea midoli. Baadhi ya bunduki zangu ni za mpira, kweli, hizo hupewa waigizaji wanaosimama mbali. Zilizobaki ni za chuma, zinafyatuka, na zikitiwa risasi isiyo yake zinaua. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Saa kumi na moja kasoro. Gari la wafanyakazi. Dereva wetu ni mzee wa Bukavu, Congo. Namwamkia, "Shikamoo, Papa," naye amejifunza kwangu kuitikia marahaba, maana kwao salamu hiyo haina nafasi. Kila siku anatushusha kisha anaenda kuegesha mbali kabisa na lori langu. Wiki ya kwanza nilimuuliza kwa nini. "Ile kitu, dada, mimi naijua. Ndiyo ilitutoa kwetu." Sikuuliza tena.

Saa kumi na mbili. Nafungua kasha la chuma, naanza kuhesabu. Bastola 4, bunduki ndefu 3, risasi bandia 50, na boksi la risasi baridi ambalo leo halitaguswa. Mama yangu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kabla mgonjwa hajashonwa, wanahesabu gozi na mikasi kwa sauti, wawili wawili, na hesabu isipotimia tumbo halifungwi, hata daktari awe mkubwa kiasi gani. Mimi na msaidizi wangu tunahesabu vilevile, kwa sauti, kila mmoja na karatasi yake.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu ndipo watu wanapochanganya. Risasi ya moto ina baruti na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka na kuua, na kwenye seti, pale tunapopigia filamu, haitakiwi kabisa, hata moja, hata ndani ya gari la mtu. Risasi baridi ina baruti lakini haina kichwa. Inatoa moshi, mwanga na kishindo. Risasi bandia ina kichwa na haina baruti. Inawekwa ili kamera ikisogea ione bastola imejaa.

Hilo jina la risasi baridi linaniudhi. Nimekua nikilisikia kwenye taarifa za habari, polisi wamefyatua risasi baridi, na mtu anaona ni jambo jepesi. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, alikuwa anasubiri kamera ziwe tayari. Akaelekeza kichwani pake bastola yenye risasi baridi, akafyatua kwa mzaha. Nguvu ya mlipuko ilivunja mfupa wa fuvu ukaingia kwenye ubongo, akafariki siku chache baadaye. Kwa karibu, baridi yake ni ya jina tu. Na Wamarekani wananiongezea mkanganyiko: wao wakisema bunduki ni "baridi" wanamaanisha haina chochote cha kulipuka ndani. Neno moja, maana mbili, na kati yake yuko mtu aliyesimama mbele ya mtutu.

Saa kumi na mbili na nusu, kikao cha usalama. Nasimama kwenye changarawe, watu wameshika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Nafungua kila bastola, nazungusha silinda, tundu la kwanza hadi la sita, kisha namulika tochi ndani ya mtutu na kumkaribisha anayetaka aje achungulie. Mtutu nao una kisa chake. Mwaka 1993, mjini Wilmington, North Carolina, mwigizaji Brandon Lee aliuawa na kichwa cha risasi kilichokuwa kimenasa mle ndani. Kilitoka kwenye risasi bandia iliyotengenezwa vibaya: baruti ilimwagwa, lakini kile kidude cha nyuma kinachogongwa na nyundo kikatoa cheche kiliachwa kizima. Kikagongwa, kikasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, na hakuna aliyeangalia. Siku nyingine bastola ileile ikatiwa risasi baridi, ikakisukuma kichwa hadi mwilini mwake. Alikuwa na miaka 28. Tochi moja ingetosha.

Kisa cha pili huwa sikisimulii kikaoni, kwa sababu huku kila mtu anakijua. Ranchi ya Bonanza Creek haiko mbali na hapa. Tarehe 21 Oktoba 2021, ndani ya kanisa la kuigizia, wakiwa wanapanga picha, bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilitoa risasi ya moto. Ikampiga Halyna Hutchins, mpigapicha mkuu, mzaliwa wa Ukraine, mwenye miaka 42. Ikapenya mwilini mwake hadi upande wa pili, ikamjeruhi mwongozaji Joel Souza begani. Halyna alifariki siku hiyohiyo.

Asubuhi hadi mchana kazi ilikwenda vizuri: farasi, vumbi, waigizaji wa ziada na bunduki zao za mpira, chakula saa sita.

Saa nane na dakika ishirini ndipo siku ilipogeuka.

Tulikuwa na picha moja tu kabla jua halijashuka. Jambazi anakaa kwenye ngazi, anachomoa risasi mkandani moja moja, anazipachika kwenye silinda, kamera iko jirani kabisa na vidole vyake. Kwa picha ya namna hiyo siwezi kutumia zile bandia zenye tundu ubavuni, maana tundu litaonekana. Natumia nyingine, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na za moto. Dalili yake ni moja: ndani, mahali pa baruti, mna gololi ndogo ya chuma. Ukiitikisa sikioni inalia, chekecheke. Risasi yenye baruti hailii hivyo.

Nilikuwa nimezitikisa zote alfajiri, na zote zililia. Sita zilikuwa kwenye mkanda wa mwigizaji tangu saa nne. Nikapiga goti mbele yake, nikazichomoa, nikaanza upya. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu. Ya nne ikanyamaza.

Nikaitikisa tena. Nikavua kofia nisikie vizuri. Kimya.

Nikamuuliza kijana, kwa upole, kama mkanda ulitoka kiunoni mwake wakati wowote. Akafikiri. Akasema aliuvua alipokwenda msalani, akauacha juu ya kiti, karibu na meza ya vitafunwa. Kwa muda gani? Dakika kumi, labda robo saa. Pale wanapita watu mia. Idadi ilikuwa sita, kama nilivyomkabidhi. Lakini sita zipi?

Nikasema kwa sauti, tunasimama. Msaidizi wa mwongozaji akaniuliza nahitaji dakika ngapi. Nikamwambia sijui. Akanionyesha jua kwa kidole, kama vile sikuliona. Nikaziondoa risasi zote 50, nikaita bastola zote zirudi, mimi na msaidizi wangu tukakaa kwenye mkia wa lori, tikisa, sikiliza, weka. Tikisa, sikiliza, weka. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma na ilibidi tuzitikise ndani ya kofia. Vidole vimekufa ganzi. Akaja mtayarishaji mmoja, koti zuri, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila dakika ninayokaa hapo ina bei, na kwamba ni risasi moja tu, niitupe nitumie nyingine. Nikamwambia kama moja imebadilika mkononi mwangu bila mimi kujua, basi sina hakika na zile 49. Akaniambia ninakuza mambo. Sikumjibu. Nikaendelea kutikisa.

Naomba nieleweke kwa nini sikuona haya. Watu wakizungumzia kifo cha Halyna wanagombania swali moja, nani alivuta kifyatulio. Baldwin amesema siku zote kwamba hakukivuta, na kesi yake ilifutwa Julai 2024 kwa sababu mawakili wake walifichwa ushahidi wa risasi. Hannah Gutierrez-Reed, mtunza silaha, aliyekuwa na miaka 24 tu siku ya tukio, alihukumiwa kifungo cha miezi 18. David Halls, msaidizi wa mwongozaji, aliyetangaza kwamba bastola ni baridi, alikubali kutopinga shtaka la uzembe akapewa miezi 6 ya uangalizi. Mimi swali langu linaanza nyuma zaidi: ile risasi ilipita mikononi na machoni pa wangapi bila mtu kuitikisa? Siku chache kabla, silaha zilikuwa zimefyatuka kwa bahati mbaya kwenye seti hiyohiyo. Asubuhi ya tukio, wapigapicha kadhaa walikuwa wameondoka wakilalamikia hali ya kazi. Na yule binti alikuwa ameajiriwa kwa kazi mbili, silaha na vifaa vingine vya igizo. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama kazini ya jimbo iliitoza kampuni ya filamu dola 136,793, faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa. Binti alikosa, na mahakama ilisema hivyo, sina ubishi nayo. Lakini haraka haikuwa yake peke yake.

Mimi nimeshakataa kazi mbili kwa mshahara mmoja, na nikapoteza filamu kwa kukataa. Kodi ya nyumba ilinitesa miezi miwili. Ningekataa tena.

Risasi 49 zililia. Jua likawa limeshaangukia nyuma ya milima. Msaidizi wa mwongozaji akatangaza kwenye redio kwamba picha ya ngazi itapigwa kesho, na watu wakaanza kukunja nyaya bila kunitazama. Naijua hiyo, inachosha kuliko kubeba masanduku. Yule kijana alikuja peke yake mpaka kwenye lori, akasimama, akaniomba nimfundishe kusikiliza. Nikampa moja, akaitikisa sikioni muda mrefu.

Giza. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Nikaipeleka ile iliyonyamaza mbali na watu, nikavaa miwani ya kinga, nikaing'oa kichwa kwa kifaa chake. Hapakuwa na baruti. Gololi ilikuwa imegandia kwenye gundi, pembeni. Mtayarishaji alipoambiwa alicheka. Nikaifunga ile risasi ndani ya mfuko, nikaandika tarehe, saa na jina langu, nikaandika pia kwamba mkanda uliachwa kwenye kiti bila mwangalizi. Kuanzia kesho mkanda ukivuliwa unarudi kwangu.

Papa alikuwa ametusubiri. Leo alikuwa ameleta gari mpaka jirani na lori. Akaniuliza, "Ile moja, ilikuwa nini?" Nikamweleza gololi na gundi. Akatikisa kichwa. "Bora hivyo, dada. Sisi hakuna mtu alitusimamishia kitu." Hakusema lingine njia nzima.

Saa mbili usiku kwangu, Tanga saa kumi na mbili asubuhi. Mama anapiga akimaliza kuswali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekwisha?"

Nikamsimulia yote, upepo, kofia, mtu wa koti. Akasikiliza bila kunikatiza.

"Na hesabu?"

"49 kashani, moja mfukoni."

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Haya. Kale ulale."