Kostiki inashika wapi?

Jaribio letu la kwanza la kemia ogania, ile kemia ya kaboni, kidato cha tano nilipata 19 kati ya 100. Kusoma nilisoma. Jedwali zima la makundi tendaji, yale mafungu ya atomi yanayoipa molekuli tabia yake, nililibandika juu ya kitanda, nikawa nalala nalo na kuamka nalo. Nilipoketi kwenye mtihani, esta ikawa etha, amini ikawa amaidi.

Likizo nikarudi nyumbani Ujiji. Bibi alikuwa anapika sabuni ya mawese, na kazi ya kukoroga ni yangu tangu mdogo. "Mume wangu, koroga upande mmoja, na hiyo kostiki isikurukie." Hapo ndipo nikajiuliza: hivi kostiki, yaani haidroksidi ya sodiamu, inashika wapi kwenye mafuta?

Nikachora mchangani kwa kijiti. Mafuta ni esta: gliseroli imebeba minyororo mitatu mirefu ya asidi za mafuta, na kwenye mawese iliyo nyingi ni ya palmitiki, kaboni 16. Kostiki inakata penye esta penyewe. Gliseroli inabaki peke yake, asidi inashikana na sodiamu, na hiyo ndiyo sabuni. Kumbe kundi tendaji ni pale panaposhikika! Mkia wote ule mrefu wala haukuguswa.

Jedwali nikalibandua. Nikawa naanza na kaboni iliyoshika oksijeni kwa bondi mbili, yaani kabonili. Kaboni ina mikono minne. Miwili imeshaenda kwa oksijeni, kwa hiyo natazama miwili iliyobaki imemshika nani. Kaboni huku na kaboni huku, ketoni. Kukiwa na haidrojeni, aldehaidi. OH, yaani oksijeni iliyoshika haidrojeni (H), ni asidi ya kaboksili. Ile H ya OH ikipokonywa nafasi na kaboni, tumepata esta. Naitrojeni, amaidi. Pasipo kabonili, naitrojeni hiyohiyo ni amini, na oksijeni iliyobanwa kati ya kaboni mbili ni etha. Nilichora kila siku mpaka kuku wa Bibi wakachoka kunifutia.

Muhula uliofuata nilipata 67. Fenoli ilinila alama mbili: niliona OH nikaandika alkoholi, wakati OH ile ilikuwa imekaa juu ya pete ya benzini yenyewe, ile pete ya kaboni sita. Bibi aliniuliza hizo 33 nyingine nimempa nani.