PhD ya uchumi: soma majina ya wahitimu kabla ya kuuliza ada

Wengi wanaotafuta nafasi ya uzamivu wa uchumi, awe ametoka Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi au yuko benki pale Arusha, huanza na maswali mawili: ada ni kiasi gani, na chuo ni cha ngapi kwa ubora. Hayo yanajibika kwa dakika tano. Kazi iko kwenye kujua walimu wa pale wanatafiti nini sasa hivi, na waliotangulia wameishia wapi.

Anza na walimu. Chuo kinaweza kutaja maprofesa arobaini. Ondoa wastaafu ambao majina yao yamebakizwa kwa heshima, ondoa walioazimwa serikalini, ondoa wanaofundisha shahada ya kwanza tu. Wa fani yako huenda wakabaki wawili. Tafuta kila jina kwenye IDEAS, ile hazina ya mtandaoni ya makala za uchumi iliyo chini ya RePEc, mradi wa kimataifa wa kukusanya taarifa za machapisho ya uchumi, uangalie miaka mitano iliyopita. Makala iliyompa mtu sifa mwaka 1998 haitakusaidia wewe. Kisha pita RePEc Genealogy, inayoonyesha nani alisimamiwa na nani, na alimaliza mwaka gani. Taarifa zake hujazwa kwa hiari, kwa hiyo ukimya si ushahidi, lakini jina lenye wanafunzi kumi ni ushahidi tosha. Hakikisha una wasimamizi wawili wanaokufaa. Maprofesa huhama, na akihama mmoja ukiwa mwaka wa tatu, tasnifu hubaki yatima.

Sasa wahitimu. Orodha ya kuaminika hutaja kila mwaka na kazi ya kwanza ya kila aliyemaliza. Ukikuta "baadhi ya wahitimu wetu", fahamu umeonyeshwa waliong'ara. Linganisha na idadi ya waliodahiliwa: kama huingia ishirini kwa mwaka na wanaotajwa ni tisa, uliza kumi na mmoja wako wapi, na uulize kwa barua pepe, waziwazi. Marekani baadhi hukwama kwenye mitihani ya baada ya mwaka wa kwanza (mikro, makro na ekonometriksi) wakaondoka na uzamili. Kwetu wengi huanguka baadaye, kwenye tasnifu, kwa sababu mtu amerudi kufundisha vipindi vingi na sura ya tatu inalala kabatini.

Kazi ya kwanza pia isikudanganye. Marehemu Profesa Benno Ndulu alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha Dar es Salaam, akaongoza AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, kule Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Ungesoma mstari wake wa kwanza tu, ungeona mhadhiri.

Kwa anayetaka kubaki chuoni Tanzania, ngazi inajulikana: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Bila uzamivu hupandi kuwa mhadhiri, na kutoka hapo unapandishwa kwa machapisho. Ndiyo maana tasnifu ya makala tatu zinazojitegemea ina faida kuliko kitabu kimoja kinene: siku ya kuhitimu unazo tatu za kutuma kwenye majarida. Njia inayowafaa wengi wa ukanda huu ni mpango wa pamoja wa uzamivu wa AERC ulioanza 2002, ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kimojawapo cha vinavyotoa shahada. Masomo ya msingi unasomea chuoni kwako, ya kuchagua mnakutanishwa na wenzenu wa nchi nyingine.

Anayelenga soko la Marekani ana kalenda yake. Makala moja, ile bora, inatakiwa iwe imekamilika kufikia Oktoba wa mwaka wa mwisho. Maombi hutumwa Oktoba na Novemba, nafasi nyingi zikitangazwa kupitia JOE, orodha ya nafasi za kazi ya Jumuiya ya Wanauchumi wa Marekani. Mwanzoni mwa Desemba unaruhusiwa kupeleka ishara mbili tu, yaani ujumbe rasmi wa kusema una nia ya dhati, kwa waajiri unaowataka kweli. Usizipoteze kwa chuo kikubwa ambacho hata bila ishara kingekuona au kukupita; peleka kwa chuo cha kati ambacho kingedhani huwezi kwenda. Usaili wa awali ni kama nusu saa, na swali la kwanza huwa utafiti wako unahusu nini. Jibu lisizidi dakika mbili.

Turudi kwenye wasimamizi, maana kwa msimamizi asiyeijua data, hapa ndipo wenzetu wa Kilimanjaro huumia. Ukitaka kuandika juu ya kahawa au migomba, utakimbilia data ya kaya ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), ile National Panel Survey iliyoanza 2008/09 na kaya 3,265. Ni data nzuri na ni ya bure. Ila majira-nukta ya GPS yanayotolewa kwa umma yamesogezwa makusudi kulinda siri za watu, vijijini hadi kilomita 5. Dodoma kwenye tambarare hutaona tofauti kubwa. Huku, kilomita 5 kushuka kutoka Marangu ni mamia ya mita za mwinuko na mvua nyingine kabisa: Moshi mjini hupata kama milimita 900 kwa mwaka, wakati msituni juu ya mita 2,000 hupita 2,000. Mwanafunzi anaunganisha majira hayo na mvua ya setilaiti, matokeo yanatoka sifuri, anadhani mvua haina athari kwa mavuno.

Dawa ipo. Data hiyo huja na faili la vigezo vya kijiografia (mwinuko, mvua, umbali hadi barabara) vilivyokokotolewa kabla majira hayajasogezwa. Tumia hilo. Vipimo navyo vikague: gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, si kilo 100, na mkungu wa mshare si sawa na wa ndizi ng'ombe, hivyo kugeuza yote kwa namba moja ni kupika mavuno.

Kwa hiyo, katika barua pepe ya kwanza kwa msimamizi unayemtaka, muulize amewahi kutumia data ipi ya kaya na kosa gani lilimsumbua. Aliyeitumia atakuandikia aya mbili bila kuombwa mara ya pili.